Maji ya Kando

Mahubiri yaliyotolewa redioni. Somo: Ezekieli 47:6–12

Wenye Biblia karibu nao na wafungue kitabu cha nabii Ezekieli, sura ya 47. Wasio nayo, au wale ambao mikono yao imo katika unga saa hii ya asubuhi, wasikilize tu, maana habari yenyewe si ngumu.

Nabii anaonyeshwa maji yanayotoka chini ya kizingiti cha nyumba ya Bwana. Kwanza maji yafika vifundo vya miguu, kisha magoti, kisha viuno, na mwisho ni mto ambao mtu hawezi kuuvuka kwa miguu. Mto huo washuka mpaka Bahari ya Chumvi, bahari ambayo samaki hawaishi ndani yake, na popote maji yake yafikapo vitu vyapata uzima. Wavuvi wasimama ufuoni toka Engedi hata En-eglaimu, nyavu zao zimetandazwa, na samaki ni wengi, wa aina mbalimbali. Hapo wahubiri wengi hufunga kitabu, wala siwalaumu, kwa kuwa ni mahali pazuri pa kukifungia. Lakini mstari wa 11 uko pale pale. Wasema kwamba mahali penye matope na vinamasi hapataponywa. Pataachwa pawe pa chumvi.

Tusemeje juu ya mstari huo? Mto wa Mungu umepita, kila mahali pamepona, ila kinamasi kimeachwa. Wako wafafanuzi wanaosema ni hukumu: kwamba kinamasi ni mfano wa mtu aliyeyapokea maji ya neema akayaacha yatuame, yasitoke kwenda kwa wengine. Mahubiri hayo yana faida, nami nimeyasikia mara nyingi. Wengine wasema sivyo. Wasema chumvi ni kitu cha lazima. Kila sadaka ya unga ilipaswa kutiwa chumvi, kama mnavyoweza kusoma katika Mambo ya Walawi 2:13, na hekalu lingepata wapi chumvi kama bahari yote ingegeuka kuwa maji matamu? Mimi naelekea upande wa hawa wa pili. Naamini Mungu alikiacha kinamasi kiwe kinamasi kwa sababu alikuwa na kazi nacho.

Sasa nataka tuondoke Engedi, twende mahali palipo karibu nasi zaidi. Mto Yala waanza katika milima ya Nandi, washuka kupitia nchi ya Vihiga, wapita Gem, na kabla ya kuingia katika Ziwa Victoria wachoka. Huko chini nchi ni tambarare. Maji yatawanyika, mafunjo yaota, na kinakuwa kinamasi kikubwa cha kama hekta 17,500. Ndani ya kinamasi hicho mna maziwa madogo matatu: Kanyaboli, Sare na Namboyo. Kanyaboli ndilo kubwa kuliko yale mengine, nalo ni kama kilomita za mraba 10 tu, wala si la kina kirefu. Zamani mto wenyewe ulikuwa ukipita humo. Katika miaka ya 1960 ilianza kazi ya kukausha sehemu ya kinamasi ili watu wapate mashamba; tuta likajengwa, mto ukageuzwa njia, na Kanyaboli likabaki pembeni, likipata maji yake kwa mfereji, kwa mvua, na kwa mafuriko. Mto wapita kwa njia yake kwenda ziwa kuu. Kanyaboli limeachwa nyuma ya mafunjo.

Mtu atokaye Nairobi akifika hapo kwa mara ya kwanza hawezi kupasifu sana. Ukingoni hakuna mchanga mweupe. Maji ni ya rangi ya chai iliyokaa, na pale mafunjo yalipooza pana harufu. Mbu wapo wa kutosha kila mtu. Wavuvi huondoka alfajiri kwa mitumbwi midogo, mmoja anapiga kasia na mwenzake ameshika wavu magotini, wakipita katika vichochoro vya mafunjo ambavyo mgeni angepotea ndani yake kabla jua halijachomoza. Nyavu za kutega hutupwa jioni, zikiwa na maboya juu na mawe madogo chini, zisimame kama ukuta ndani ya maji, asubuhi huvutwa. Wengine hutega ndoana nyingi kwenye kamba moja ndefu, chambo chake nyungunyungu, kwa ajili ya kambare na kamongo.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya kamongo, maana ni samaki ambaye kila mhubiri wa sehemu zile angepaswa kumsoma. Ana mapafu. Matamvua yake hayamtoshi, kwa hiyo lazima apande juu kila mara avute hewa kama sisi. Ukimnasa akazuiliwa chini, atakufa maji, yeye aliye samaki! Na maji ya kinamasi yakimkaukia anaweza kujichimbia ndani ya matope, akajifunika kwa ute unaokauka kama mfuko, akakaa hivyo miezi mingi bila kula, mpaka mvua imrudie. Kambare naye ana namna yake ya kuvuta hewa ya juu. Mvua kubwa zinyeshapo na maji kupanda kwenye nyasi zilizofurika, ndipo kambare hupanda pamoja nayo kwenda kuzaa, na watoto wa shule huwafuata kwa vikapu. Hao ni samaki wa kinamasi kweli kweli, wamepewa viungo vya kuishi mahali pagumu.

Lakini habari niliyokusudia leo ni ya samaki wa tatu, naye ni ngege.

Wazee wa pande za ziwa hawahitaji kuelezwa ngege ni nani. Kabla ya mambo mengi kubadilika, huyo ndiye aliyekuwa samaki wa mezani katika Ziwa Victoria. Hakuwa samaki wa ndoana, kwa sababu chakula chake ni mimea midogo mno ielea­yo majini, isiyoonekana kwa macho. Alikamatwa kwa mitego ya vikapu na kwa nyua za matete zilizowekwa mitoni. Mwaka wa 1905 nyavu za kutega za uzi wa kitani zililetwa katika ghuba ya Kisumu, na kwa muda watu walivuna kwa wingi wa ajabu. Haikuchukua muda mrefu wavu ukaanza kurudi mwepesi. Mwaka wa 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alizunguka ziwa lote akichunguza uvuvi, na shauri lake lilikuwa kwamba nyavu zenye macho chini ya inchi 5 zikatazwe, ili ngege apate nafasi ya kuzaa kabla ya kukamatwa. Sheria ikatungwa katika miaka ya 1930. Baadaye ikalegezwa, nyavu za nailoni zikaja, na macho yakazidi kuwa madogo.

Kisha wakaletwa wageni. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 mbuta aliingizwa ndani ya Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1950 pia akaletwa ngege wa Mto Nile, ambaye ni wa ukoo ule ule lakini ni mwenye nguvu zaidi. Kwa miaka mingi mbuta hakuonekana sana. Halafu, kufikia mwanzo wa miaka ya 1980, akawa amelijaza ziwa. Sisemi mbuta ni shetani. Tusije tukahubiri uongo kwa sababu ya kutafuta mfano mzuri. Mbuta amejenga nyumba za mabati, amelipa karo za shule, na minofu yake imepelekwa hata Ulaya. Lakini alikula. Fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wa aina mamia, wengi wao walitoweka kabisa. Naye ngege wa asili, akiwindwa kwa nyavu huku na kubanwa na mgeni wa ukoo wake huku, karibu atoweke katika ziwa kuu. Siku hizi wataalamu wamemwandika katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kwisha duniani.

Na je, alibaki wapi? Alibaki katika maziwa madogo ya pembeni, na mojawapo ni Kanyaboli. Wachunguzi walipokwenda huko na nyavu zao walimkuta ngege yuko, na fulu wengine pia ambao ziwa kuu limekwisha kuwapoteza.

Sasa sikilizeni sababu, maana hapa ndipo nilipotaka tufike. Ziwa lenyewe halina ukuta wa mawe wala askari wa kulilinda. Kinachomzuia mbuta ni yale mafunjo. Ndani ya mafunjo mazito maji hayasukwi na upepo, jua haliingii, majani yaoza, na ile hewa ya uhai iitwayo oksijeni inakuwa haba sana katika maji. Mbuta ni mkubwa na mwenye mbio. Anahitaji oksijeni nyingi, hawezi kuvumilia maji ya namna hiyo. Ngege na fulu kadhaa wanaweza kuvumilia zaidi. Kwa hiyo lile giza, ule uvundo, yale maji yaliyotuama ambayo mgeni wa Nairobi anayakunjia uso, ndiyo mlango uliofungwa mbele ya mla watu wa majini.

Nimefikiri juu ya jambo hili mara nyingi nikiwa katika safari za kutembelea makanisa ya mashambani. Unafika mahali ambapo zamani palikuwa na kwaya ya watu arobaini; leo wako kumi na wawili, na wanane kati yao ni akina mama wa Umoja wa Mama. Vijana wamekwenda Nairobi, Mombasa, Eldoret. Paa linavuja upande wa madhabahu. Baada ya ibada mzee wa kanisa anakushika mkono na kukuambia, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, "Pasta, sisi hapa tumebaki nyuma. Mto umetupita." Naye amesema kweli; barabara ilipita kwingine, shule ikapita kwingine, na umeme ulichelewa kufika. Mtu akimjibu upesi kwamba yote ni sawa, amemtukana.

Ninachoweza kumwambia ni kwamba Biblia yawajua vizuri watu wa maji ya kando. Farao alipoamuru watoto wa kiume watupwe mtoni, mama mmoja Mwebrania alisuka kisafina cha mafunjo, akakipaka lami, akakiweka katika majani kando ya mto. Askari walikuwa wakitafuta majumbani. Mkombozi wa Israeli alikuwa amelala penye matope na mbu. Eliya naye, nchi ilipokuwa mikononi mwa Ahabu, hakutumwa mjini wala hekaluni. Alitumwa kijito cha Kerithi, na huko akalishwa na kunguru. Hata baadaye, alipolalamika kwamba amebaki peke yake, alijibiwa kwamba wako elfu saba wasiompigia Baali magoti. Hatuambiwi walikuwa wapi. Nadhani hawakuwa wakiishi karibu na jumba la mfalme.

Iko imani ya kiasi, ya uchaji, ya kusali pamoja jioni kabla ya kulala, ya mtu kuogopa kula mali ya mjane, ambayo katika miji yetu imeliwa, na iliyoila ni kubwa, yenye mbio, na yenye faida. Lakini ukienda katika yale makanisa ya watu kumi na wawili utaikuta ingali hai. Yule mama anayefagia kanisa Jumamosi bila kulipwa hajui kwamba anatunza kitu ambacho kwingine kimekwisha. Anajua tu kwamba kesho ni Jumapili. Na ule umaskini unaomwonea haya mzee wetu, mara nyingine ndio umekuwa mafunjo yao. Nasema mara nyingine, kwa maana sitaki mtu yeyote atoke hapa akidhani nimesifu umaskini. Mtoto akikosa dawa hakuna baraka hapo.

Basi, je, maji ya kando ni salama? Hapana. Hapa ndipo watu hukosea. Ngege wa Kanyaboli alifichwa asiliwe na mbuta, lakini hakufichwa na mwanadamu. Ziwa ni dogo. Wavuvi ni wengi kuliko zamani. Wako wanaovuta kokoro ufuoni, wakikomba mayai na matope pamoja. Wako wanaotumia nyavu za uzi mmoja wa plastiki, ambazo sheria ya Kenya inazikataza, na ambazo zikikatika na kuzama zaendelea kunasa samaki bila mwenyewe. Mafunjo yanachomwa na kulimwa. Hata mgeni wa Mto Nile ameonekana kuchanganya uzao wake na ngege wa asili katika maziwa hayo ya pembeni. Mwaka wa 2010 serikali ilitangaza Kanyaboli kuwa hifadhi ya taifa, nalo ni jambo la kushukuru, ila tangazo la serikali halivuti wavu wala haliuachi.

Mnajua jinsi ngege anavyolea watoto? Jike likiisha kutaga huyaokota mayai kinywani, na humo kinywani yaanguliwa. Hata baada ya kuanguliwa, hatari ikija watoto hukimbilia kinywani mwa mama. Basi ukimkamata jike wakati huo hukukamata samaki mmoja. Torati ina amri ndogo, katika Kumbukumbu la Torati 22:6–7, inayohusu mtu aliyekuta kiota cha ndege njiani: akiwa na njaa na achukue makinda, lakini mama amwachilie aende zake, na amri hiyo ndogo imewekewa ahadi ya kufanikiwa na kuongezewa siku, karibu sawa na ile ya kumheshimu baba na mama. Sijapata kusikia amri hiyo ikihubiriwa katika Jumapili ya mavuno. Ingefaa.

Nasema ya mavuno kwa sababu ya jambo nililoliona mwenyewe katika kanisa moja la sehemu hizo, nilikokuwa nimealikwa kuhubiri. Baada ya mahubiri ulifuata mnada kama ilivyo desturi yetu. Kuku wakauzwa, mihogo, ndizi, mkungu mmoja ukauzwa mara tatu kwa kuwa kila aliyeununua aliurudisha kwa Bwana. Kisha likaletwa beseni la ngege, wengi, hakuna hata mmoja aliyezidi kiganja cha mkono. Mwendesha mnada akaanza kutaja bei. Mzee mmoja mvuvi, mtu mwenye kusema maneno machache, akasimama akauliza, "Pasta, hawa ni watoto. Mama yao yuko wapi?"

Kanisa lote likanyamaza. Aliyelileta beseni alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane, mwana wa mjane, mwenye wadogo watatu waliokuwa wameketi karibu na mama yao. Alisimama, na kwa heshima akasema, "Baba, wavu wa macho makubwa umerudi mtupu wiki mbili. Nilikopa huu mwingine. Nilitaka na sisi tulete kitu. Ningeleta nini?"

Wapenzi wasikilizaji, jibu hilo si dogo. Mtu anayekaa ofisini ni rahisi kumhukumu. Wako wazee wa kanisa waliotaka beseni litolewe nje, wakisema sadaka iliyopatikana kwa kuvunja sheria haikubaliki. Na wako waliosema samaki wamekwisha kufa, sadaka ni sadaka, tuendelee. Walianza kubishana hapo hapo, na mwendesha mnada bado ameinua beseni, maji yakimdondokea viatuni. Yule mzee hakubishana na mtu. Alilinunua beseni kwa bei ambayo ingetosha kununua ngege wakubwa wa kulijaza, akalichukua, akampelekea mjane pale alipoketi na kumwambia, "Wapikie watoto. Hawa hawarudi majini tena." Kisha akamgeukia kijana: "Mwanangu, Jumatatu njoo nyumbani kwangu na huo wavu."

Kijana alikwenda Jumatatu. Wavu hakuuleta mpaka Jumatano, na mzee hakumwuliza sababu. Alimpa nafasi katika mtumbwi wake wa ndoana, wakawa wanatega kambare pamoja na kugawana. Niliwauliza baadaye kama inatosha. Yule mjane alinijibu waziwazi kwamba haitoshi. Siku nyingine wanakula ugali na mboga tu, na aliyewakopesha wavu alikasirika sana. Nimewaeleza na hilo pia kwa makusudi. Kumwachilia mama wa ngege kuna gharama, na gharama hiyo huangukia kwanza nyumba iliyo na kidogo. Kanisa likisema "acha nyavu haramu" na kisha likaenda nyumbani kula mchana, limesema sheria tu. Mzee yule alisema sheria na akafungua mfuko, akafungua na mtumbwi.

Nabii Habakuki, katika sura yake ya kwanza, alimlalamikia Mungu juu ya mtu mwovu anayewavua wanadamu kama samaki, kwa ndoana na kwa wavu, akafurahi, kisha akautolea wavu wake dhabihu na kuufukizia uvumba, kwa sababu kwa huo chakula chake kimenona. Mwishoni nabii anauliza kama mtu huyo ataendelea kuumimina wavu wake na kuua bila huruma daima. Mtu anaweza kuabudu wavu. Si mvuvi peke yake. Mwenye duka ana wavu wake, mwenye shamba, mwenye matatu, hata kasisi ana wake. Kila mmoja wetu aangalie wavu wake leo jioni apime macho yake: ni nani anayepita akaenda zake, na ni nani asiyepita kamwe? Mfanyakazi wako wa nyumbani, je, anapata siku ya kupumzika aende kwao? Mpangaji aliyechelewa mwezi mmoja kwa sababu ya ugonjwa? Mkulima uliyemkopesha mbegu kwa riba, je, umemwachia mbegu ya mwaka ujao, au umeikomba nayo?

Na ninyi mlio katika yale makanisa madogo, mliosema mto umewapita: mna ngege. Msiuze beseni lote siku ya mnada. Yale maombi ya jioni nyumbani, wafundisheni watoto kabla hawajapanda basi. Katekisimo ambayo mzee wenu aijua kwa moyo, keti naye ukaiandike. Siku moja mji utakuja kuwatafuta, kama wachunguzi walivyokuja Kanyaboli na nyavu zao, ukiuliza kama kile kitu bado kipo.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyewaita wavuvi wakiwa katika kazi yao, uwaangalie wale walio majini saa hii katika Yala na katika ziwa kuu, na walio baharini toka Vanga hata Lamu. Uwarudishe salama. Uwajaze mikono wajane na watoto wao kwa njia isiyo ya aibu. Umkumbuke kijana yule na wadogo zake leo jioni, wapate kitoweo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.